Hiyo Nyeusi Wameitoa Wapi?

Dawati lilikuwa kwenye kona ya ukumbi wa mnada jijini Paris, katikati ya saa ya ukutani iliyokufa na viti sita visivyofanana. Ilikuwa siku ya maonyesho, siku ambayo yeyote anaruhusiwa kuingia, kufungua droo na kugusa vitu ambavyo kesho yake vitauzwa. Sikuwa na hela ya kununua hata kiti kimoja. Niliingia kujikinga na mvua.

Kwa mbali lilifanana na kabati dogo la nguo. Lilinifika kidevuni. Juu lilikuwa na bamba la marumaru ya kijivu, chini ya marumaru droo moja, katikati mlango mpana, kisha droo tatu. Mlango ule wa katikati haufunguki kwa pembeni kama milango tuliyoizoea. Unashuka kwa mbele, unatulia mlalo, na kugeuka meza ya kuandikia. Ndani yake mna vidroo na vijumba vya kuwekea barua. Ukimaliza kuandika unaupandisha, unazungusha ufunguo, na siri zako zinabaki humo.

Kilichonisimamisha ni uso wake. Mbao ilikuwa na rangi ya asali, imejaa mizunguko midogo midogo kama maji yanayoanza kuchemka sufuriani. Juu ya asali ile ilipita mistari myeusi: majani ya mitende yaliyotanuka kama upepeo, maua ya duara, mashina yaliyojikunja. Nilipitisha kidole juu ya ua moja na sikuhisi mwinuko wala shimo. Ua lile halikuchongwa na halikupakwa rangi. Lilikuwa mbao iliyolazwa ndani ya mbao nyingine. Kiswahili kina jina la kazi hii: njumu. Nakshi unaichonga, njumu unaitia.

Kadi iliyobandikwa pembeni ilieleza kwa mstari mmoja: dawati, zama za Charles X, nundu ya freni, njumu za amaranti. Bei waliyoikadiria ilikuwa chini ya ile niliyonunulia kompyuta yangu ya mkononi.

Nilipiga picha tatu nikamtumia mjomba wangu, fundi seremala Tanga. Jibu lake lilikuja kwa sauti, randa ikisikika nyuma yake. "Marahaba, mwanangu. Kazi safi hiyo, mikono ya mtu mwenye subira. Lakini usidanganyike, hiyo siyo mbao nzima, ni vinia. Chini yake wameweka nini? Na hiyo nyeusi wameitoa wapi?"

Nilikuwa Ufaransa kwa ajili ya tasnifu ya uzamili kuhusu Kilwa na wafanyabiashara wa Kifaransa katika karne ya 18. Samani hazikuwa somo langu. Lakini mjomba, kwa maswali mawili, alikuwa ameuliza kile ambacho kadi ya mnada haikukigusa, na nilijua kwamba nisingeweza kurudi kwenye tasnifu kabla ya kumjibu.

*

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Wiki ile ile rafiki alinipeleka kwa fundi mmoja anayekarabati samani za zamani, mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye karakana ndani ya kichochoro cha Faubourg Saint-Antoine. Mtaa huo uko mashariki mwa uwanja wa Bastille, na kwa karne kadhaa ulikuwa mtaa wa maseremala. Tangu karne ya 17, mafundi walioishi kwenye ardhi ya monasteri ya watawa wa kike ya Saint-Antoine waliruhusiwa kufanya kazi bila kujiunga na vyama vya mafundi vya Paris, ambavyo vilikuwa na ada kubwa na milango myembamba. Ndiyo maana wageni walimiminika pale, hasa kutoka nchi za Wajerumani. Sehemu kubwa ya samani tunazoziita za Kifaransa zilitoka kwenye mikono ya watu ambao Kifaransa chao kilikuwa na lafudhi.

Mzee alikuwa na dawati la aina ile ile, limelazwa chali juu ya benchi, vinia yake imebanduka upande mmoja. Chini kulikuwa na mwaloni mkavu, mnyoofu, usio na urembo wowote. "Huu ndio mfupa," alisema. "Juu ni ngozi."

Ngozi hiyo ilipatikana hivi. Mti wa freni ukijeruhiwa au kushambuliwa na vijidudu huota nundu, na ndani ya nundu nyuzi za mbao hazijui tena njia ya kufuata. Zinazunguka, zinagongana, zinajikunja. Mbao ya namna hiyo haiwezi kubeba uzito, na ukitengenezea mguu wa meza utapasuka. Lakini ukiipasua nyembamba sana, kama milimita moja au mbili, na kuigandisha kwa gundi ya moto ya ngozi juu ya mbao imara, kasoro ya mti inakuwa urembo wa nyumba. Kwa zamani kazi ya kupasua ilifanywa na watu wawili kwa msumeno mrefu, mmoja kila upande, wakishindana na mkono kutetereka. Karne ya 19 ilipoanza, mashine zikaanza kuingia. Huko Uingereza Marc Isambard Brunel, mhandisi aliyezaliwa Ufaransa, alipata hataza ya msumeno wa vinia mwaka 1806. Kadiri vinia ilivyozidi kuwa nyepesi kupasua, ndivyo mtu wa kati, mwanasheria au mwenye duka la vitambaa, alivyoweza kuwa na dawati linalong'aa kama la mwana wa mfalme.

Kuhusu njumu, mzee alinionyesha kwa vitendo. Alilaza karatasi ya vinia ya rangi nyepesi juu ya karatasi ya vinia nyeusi, akazibana pamoja, akabandika juu yake mchoro wa jani. Kisha akapanda kwenye kibenchi ambacho mtu hukikalia kama mpanda farasi. Mguu unakanyaga kipande cha mbao kinachobana kazi kama meno, mkono wa kulia unavuta na kusukuma msumeno mwembamba kama uzi, mkono wa kushoto unageuza vinia ili msumeno ufuate mchoro. Ukikata zote mbili kwa pamoja, jani jeusi linatoka na linaingia kwenye tundu la karatasi nyepesi. Jani jepesi nalo linabaki mkononi, na linaweza kuingia kwenye tundu la karatasi nyeusi. Kila kazi ya njumu iliyokatwa hivi inazaa pacha wake aliyegeuzwa rangi. André-Charles Boulle, aliyemfanyia kazi Louis wa 14, aliitumia mbinu hii kwa kobe na shaba kiasi kwamba hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Nilimrekodia mjomba video. Aliitazama, akajibu kwa neno moja: "Subira." Kisha, baada ya dakika chache, akaandika tena: "Bado hujaniambia hiyo nyeusi."

*

Jibu la swali la pili linaanza na neno. Kwa Kifaransa, fundi wa samani za vinia anaitwa ébéniste. Neno hilo limetokana na ébène, ile mbao nyeusi ambayo sisi kwa mazoea tunaiita mpingo. Katika karne ya 17 mbao hiyo ilipofika Paris, ikiwamo ile ya Madagaska na Morisi, ilikuwa ghali mno kiasi kwamba hakuna aliyeithubutu kuitumia nzima. Iliparwa nyembamba na kubandikwa. Ufundi mzima ukachukua jina la mti ambao haukuota Ufaransa hata mmoja. Fundi angeweza kuishi na kufa bila kuona bahari, na bado cheo chake kikawa mti wa ng'ambo.

Baadaye mpingo ukapisha mahogani. Mahogani bora iliyofika bandari za Ufaransa ilitoka visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti. Mwishoni mwa miaka ya 1780 koloni hilo lilikuwa na karibu watu nusu milioni waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa na kahawa. Mbao ilikuwa zao la pembeni: miti iliyokatwa ili kupisha mashamba, magogo yaliyopakiwa katika meli zilizokwisha jaa sukari. Miaka ya mwisho kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, matajiri wa Paris walikuwa wameipenda mahogani kwa wekundu wake, uzito wake na jinsi inavyopokea mng'aro.

Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka. Mwaka huo huo, huko Paris, serikali ya Mapinduzi ilifuta vyama vya mafundi, na fundi yeyote akaruhusiwa kufanya kazi popote. Matukio hayo mawili hayakutokana moja na jingine. Lakini ukitaka kuelewa samani za karne ya 19 lazima uyaweke kwenye meza moja: upande huu fundi amekuwa huru, upande ule aliyekata gogo amekataa kulikata tena.

Napoleon alijaribu kurudisha mambo yalivyokuwa. Alituma jeshi Saint-Domingue, na mwaka 1802 akarejesha utumwa katika makoloni. Jeshi likashindwa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ilitangaza uhuru wake. Tarehe 21 Novemba 1806, akiwa Berlin, Napoleon alitangaza zuio la biashara na Uingereza katika bara zima la Ulaya, na Waingereza wakajibu kwa kuzibana bahari. Mahogani ikawa adimu na ghali.

Karakana kubwa kuliko zote Paris wakati huo ilikuwa ya François-Honoré-Georges Jacob-Desmalter, mtoto wa Georges Jacob aliyewahi kuitengenezea viti familia ya kifalme. Iliajiri mamia ya wafanyakazi na kujaza majumba ya Napoleon kwa samani za mahogani zilizopambwa kwa shaba ya kupakwa dhahabu: vichwa vya simba, mabawa, mashada ya ushindi. Vita na madeni viliiangusha. Mwaka 1813 ilifilisika.

Katika miaka hiyo ya uhaba serikali iliwahimiza mafundi watumie miti ya nyumbani: freni, mwaloni, jozi, nundu za miti ambayo zamani iliishia jikoni kama kuni. Walipoanza kuipasua waligundua ilivyokuwa mizuri. Amani iliporudi mwaka 1815 na mahogani ikaanza tena kushuka bandarini, watu wengi hawakuwa tayari kuiacha rangi ya asali. Kinara wa mtindo huo alikuwa Marie-Caroline, mke wa mtoto wa Charles X, aliyekuwa kijana, mchangamfu na mwenye macho ya kupenda vitu vipya. Mume wake alichomwa kisu nje ya jumba la Opera mwaka 1820, na mjane huyo akabaki kuwa mtu ambaye Paris ilimtazama ili kujua nini kinapendeza. Mbao nyepesi zikawa mbao za vyumba vyake, na baadaye za vyumba vya kila aliyetaka kufanana naye.

Mbao nyepesi ikiachwa peke yake hupooza. Enzi ya Napoleon shaba ya dhahabu ndiyo iliyoupa uso uhai, lakini shaba ilikuwa na gharama. Mafundi wa miaka ya 1820 walichukua michoro ile ile, mitende, vinubi, maua ya duara, wakaitoa kwenye shaba na kuiingiza kwenye njumu. Na njumu ilihitaji weusi.

Hapo ndipo amaranti inapoingia. Ni mbao nzito ya misitu ya Guyana, Amerika Kusini. Ufaransa ilikuwa na koloni lake huko, Guyane, ambako utumwa uliorejeshwa na Napoleon uliendelea hadi mwaka 1848. Kwa hiyo samani zilizosifiwa kuwa za miti ya nyumbani ziliandikwa kwa wino wa ng'ambo. Freni ilikuwa karatasi, na maandishi yalitoka kwenye msitu wa kitropiki.

Nilipomwuliza mzee wa karakana kuhusu amaranti, hakujibu. Alichukua bisibisi, akafungua bawaba moja ya mlango wa dawati lililolala chali, akaiinua. Chini ya chuma kile, mahali ambapo mwanga haukuwa umefika kwa takriban miaka 200, kulikuwa na kipande cha njumu chenye upana wa ukucha. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa zambarau, zambarau ya biringanya. Na freni iliyokizunguka haikuwa asali. Ilikuwa karibu nyeupe, kama maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo.

Amaranti ikikatwa inakuwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Ikikaa hewani inageuka zambarau. Ikikaa miaka mingi kwenye mwanga inakuwa kahawia nzito inayokaribia weusi. Freni nayo, pamoja na vanishi ya shelaki iliyosuguliwa juu yake, inaiva kuwa ya manjano. Ule utulivu wa asali na usiku niliouona kwenye mnada haukuwahi kukusudiwa na yeyote. Aliyenunua dawati lile likiwa jipya aliona kitu kinachopiga kelele: weupe na zambarau, kama nguo ya sikukuu.

Nilimtumia mjomba picha ya kipande kile cha zambarau. "Aaa," alisema. "Kumbe hata mbao inasahau ilivyokuwa."

*

Ningeweza kuishia hapo na kuwa nimejibu. Lakini kwenye kadi ya mnada kulikuwa na jina la mtu, na mimi ni mwanafunzi wa historia, sikuweza kulipita.

Charles X alirithi kiti cha ufalme Septemba 1824. Samani zinazoitwa kwa jina lake zilitengenezwa na watu ambao pengine hawakumwona hata mara moja. Majina ya wafalme kwenye samani ni njia tu ya wauzaji kuhesabu miaka. Ila ukishaliweka jina, umeleta mtu mzima pamoja na matendo yake.

Tarehe 17 Aprili 1825 mfalme huyo alitia sahihi amri inayoihusu Haiti. Ufaransa ingeitambua Haiti kuwa nchi huru kwa masharti mawili: meli za Kifaransa zilipe nusu ya ushuru katika bandari za Haiti, na Haiti iwalipe waliokuwa walowezi faranga milioni 150 kwa mafungu matano ya mwaka mmoja mmoja. Fidia hiyo ilikuwa ya mali waliyopoteza, na mali hiyo ilikuwa ni pamoja na watu wenyewe. Waliojikomboa waliambiwa wajinunue. Tarehe 29 Mei, Charles X alivikwa taji katika kanisa kuu la Reims. Julai, Baron de Mackau alifika Port-au-Prince na amri ile, na nyuma yake manowari 14. Rais Jean-Pierre Boyer alikubali.

Haiti haikuwa na fedha hizo. Ili kulipa fungu la kwanza la milioni 30 ilikopa kwenye benki za Paris, na mabenki yakakata milioni 6 kabla ya kuitoa hela. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi jumla ya milioni 90, lakini mikopo ya kulipia deni ilizaa mikopo mingine, na nchi ile iliendelea kulipa kwa vizazi. Ilichokuwa nacho cha kuuza nje kilikuwa hasa kahawa, na pamoja nayo magogo ya mahogani.

Nilikaa na tarehe hizo kwa muda mrefu. Aprili, Mei, Julai 1825. Katika miezi hiyo hiyo, pale Faubourg Saint-Antoine, mtu fulani alikuwa amepanda kibenchi chake akifuatisha jani la mtende kwa msumeno mwembamba kama uzi. Hakuijua amri. Hakufaidika nayo. Mwaka 1789 mtaa wake ulikuwa umevamia gereza la Bastille, na miongoni mwa waliovamia walikuwamo maseremala wengi. Julai 1830 Paris iliinuka tena kwa siku tatu, na maseremala wakawa tena kwenye vizuizi vya barabarani. Charles X akakimbilia Uingereza. Watu waliotengeneza samani za Charles X ndio waliosaidia kumwondoa Charles X, lakini wauzaji wa samani hawajawahi kulibadilisha jina.

*

Ninapaswa kusema jambo moja ambalo si zuri kulisema. Siku chache za mwanzo, nilipokuwa nikikusanya haya yote, nilikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemkamata mwenzake akiiba. Nilimwona mzee wa karakana, na wanunuzi wa mnada, na rafiki aliyenipeleka, nikawaona wote wamekaa juu ya kitu wasichokijua, na mimi nakijua.

Kisha nilirudi kwenye tasnifu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, Hassan bin Ibrahim. Sultani angempatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na juu ya bei hiyo Sultani mwenyewe apewe piasta 2 kwa kila kichwa. Wengi wa waliouzwa walipelekwa Île de France na Bourbon, visiwa ambavyo leo ni Morisi na Reunion. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya meli za Kifaransa zilizopakia watu katika pwani hii zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwashusha Saint-Domingue, ambako watu wa upande wetu waliitwa kwa jina moja tu, Msumbiji, hata kama walitoka Kilwa. Wakati watumwa walipoinuka mwaka 1791, watu wetu walikuwamo kisiwani. Kwa hiyo mkono ulioandika mkataba wa kwanza katika tasnifu yangu haukuwa wa Mfaransa peke yake. Ulikuwa na mhuri wa pwani.

Na nilikumbuka kiti. Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza tulikwenda Lamu, na katika jumba la makumbusho tulisimama mbele ya kiti cha enzi: kirefu, chenye mgongo mnyoofu, mbao nyeusi, nyuzi zilizosukwa, na njumu za pembe na mfupa mweupe zilizopangwa kwa umbo la nyota na almasi. Nilipiga nacho picha. Nilijivuna. Niliandika chini ya picha kwamba hivi ndivyo mababu zetu walivyowakaribisha wageni wa heshima. Sikuuliza pembe imetoka wapi. Pembe iliyofika pwani ilishushwa kutoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine wa kulipwa, wengine watumwa, na wengi wao hawakuwahi kukalishwa kwenye kiti cha namna ile.

Dawati lilikuwa mbao nyeupe na njumu nyeusi. Kiti kilikuwa mbao nyeusi na njumu nyeupe. Nilifikiria pacha wa mzee wa karakana, yule anayezaliwa kila unapokata karatasi mbili kwa pamoja.

Sisemi kwamba hatia ni sawa. Charles X alipeleka manowari. Sultani wa Kilwa hakuwa na manowari za kumtisha mtu wa Paris. Walioandika bei, na walionunua, na waliofaidika zaidi, wanajulikana. Wala sisemi vitu hivi vichomwe moto. Ukikichoma kiti cha Lamu, utakuwa umemchoma fundi aliyekitengeneza, na huyo pengine naye alikuwa mtumwa wa mtu. Ninachosema ni kidogo zaidi. Swali la mjomba linauliza kitu ambacho macho peke yake hayawezi kukijibu, na kabla ya safari hii nilikuwa nimelielekeza upande mmoja tu.

Nilimwambia mjomba habari ya Haiti kwa simu, usiku, kwa kirefu. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishoni alisema, "Mimi mninga ninaonunua hapa siulizi. Mwenye lori ananiambia una kibali, mimi nalipa." Akanyamaza. "Kesho nitamwuliza."

*

Nilirudi kwenye mnada siku ya kuuza. Nilikaa nyuma. Vitu vilipita haraka: sahani, vioo, kinanda kisicho na funguo mbili. Dawati lilipofika, watumishi wawili hawakulibeba hata mbele. Walilinyoshea kidole pale pale kwenye kona. Dalali alitaja bei ya kuanzia. Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine, kisha ule wa kwanza tena. Nyundo ikagonga. Sidhani ilichukua dakika nzima.

Aliyelinunua alikuwa bibi aliyevaa koti la bluu. Alikuja kulitazama kwa karibu, akashusha mlango, akavuta kidroo kimoja kimoja kuhakikisha vinateleza. Akapitisha kidole juu ya ua, kama nilivyofanya mimi. Nilitaka kumwambia afungue bawaba siku moja, atazame chini yake. Kifaransa changu kilikuwa kinatosha kabisa. Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nilikuwa mgeni asiye na kitu alichokinunua, nikamwacha.

Nilipotoka nje niliandika kwa mjomba: "Limeuzwa."

"Bei gani?"

Nikamtajia, nikamgeuzia kwa shilingi.

Alama mbili za bluu zilitokea. Muda ukapita. Kisha ujumbe ukaingia.

"Mbona rahisi hivyo?"